Kocha Onesphore na Mfungo Wetu wa Siku Tatu

Onesphore haji nyumbani kwa mtu peke yake. Hata siku moja. Mzee Hyacinthe anatangulia, yeye anafuata nyuma hatua mbili, kichwa kakiinamisha kama bwana harusi mtarajiwa, na katoni mbili za Fanta kazibeba mwenyewe kutoka kwenye gari mpaka kwangu ghorofa ya saba, hata lifti ikiwa imekufa. Utasema, jamani, mtu mnyenyekevu hivi! Nyoo! Mimi naitwa Thacienne, mama Jolie, na huyo mtu namjua tangu shingo yake haijanenepa, kwa hiyo nisikilize mimi.

Tulikulia kambi moja, Mtabila, kule Kigoma. Kwao Rumonge, kwetu Nyanza-Lac, lakini Burundi tuliijua kwa kuhadithiwa tu, Kiswahili ndicho tulichochezea na kugombania maji bombani. Vijana walisuka wavu wa voliboli kwa nyuzi za magunia ya unga wa msaada, wakaufunga kwenye miti miwili. Onesphore alikuwa mfupi, hajui kuruka, mpira ukimjia anafumba macho. Walimtoa. Basi akakaa pembeni na kazi yake ikawa kupiga kelele: wewe rudi nyuma, wewe sogea kushoto, wewe umelala? Tulimcheka sana. Lakini siwezi kusema uongo, ukisimama pale alipokuambia, mpira unakuja palepale.

Alipofika Toronto alifungasha kuku wa barafu kiwandani Downsview, kama sisi wote. Baadaye akapata kazi ya usafi kwenye ukumbi wa michezo wa chuo cha Blackthorn, si mbali na hapa kwetu. Anapiga deki huku anatazama mazoezi ya wasichana. Siku moja akaegemeza fagio ukutani, akamwendea binti mmoja wa Kizungu akamwambia mguu wake wa kushoto unachelewa. Fikiria! Mfagizi! Binti akausahihisha mguu, na jioni ile kocha wao akamuuliza Onesphore jina lake. Miaka sita haikupita, yeye ndiye akawa kocha mkuu, na Blackthorn wakachukua ubingwa wa jimbo mara tatu.

Watu wanadhani ni akili za mpira tu. Thubutu! Ujanja wake ulikuwa kwetu, kwa wasichana wetu. Sisi Warundi na Wakongo tumezaa mabinti warefu, wenye mikono, wanaruka kama hawana mifupa, na shuleni walimu wanawaona. Lakini mzazi gani wa kanisa letu atamruhusu binti yake apande basi na wanaume asiowajua mpaka Ottawa, akalale hoteli? Makocha wa vyuo vingine walikuwa wanamwandikia mtoto barua pepe. Mtoto! Baba yupo, mama yupo, wanapumua, halafu mtu mzima anamwandikia mtoto moja kwa moja kumwambia anamtaka. Kwetu huyo anapigwa.

Onesphore akaja kama watu wanavyokuja kuposa. Na mshenga, na vinywaji, kwa miadi, siku ya Jumapili baada ya ibada. Mshenga ni mzee Hyacinthe, ambaye hajui voliboli hata kidogo na haimhusu, yeye anapenda kuongea na kula.

Kwangu walikuja kwa Jolie, miaka mitatu iliyopita, anamaliza sekondari. Hapo Jolie alikuwa ameshaitwa na chuo cha Highmoor, kule upande wa Malvern, ukumbi mpya unang'aa, na moyo wake ulikuwa huko. Mzee Hyacinthe akakohoa, akaanza: "Sisi tulikuwa tunapita njia, tukaona ua zuri kwenye bustani ya nyumba hii."

Mume wangu Ismaël hajawahi kufurahi vile tangu tupewe karatasi za ukaazi. Akajinyoosha. "Kwangu maua ni mawili. Mnataka lipi?"

"Lile refu."

Tukacheka wote. Jolie alikuwa jikoni, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba huu ni wazimu, yeye haolewi, yeye anakwenda kucheza mpira. Nikamwambia nyamaza, beba glasi.

Ismaël akauliza swali moja tu. "Huyu mtoto mkimchukua, utakuwa naye mpaka lini?" Onesphore hakumngoja mshenga, akajibu kwa kinywa chake: "Mpaka avae joho, mzee. Sitoki kabla yake." Jolie alisikia kutoka jikoni. Wiki ile ile akawaandikia Highmoor kuwaambia haendi.

Na kuanzia hapo Highmoor wakawa watani wetu wa jadi. Onesphore ndiye aliyetufundisha kuwachukia. Alikuwa akisimama kanisani wakati wa matangazo, kanisa letu liko ndani ya ghala lililokuwa la matairi, anatuambia: Jumamosi tunacheza na wale wa ukumbi mzuri na miguu mibaya, njooni mzomee. Tulikwenda, mwenzangu! Akina mama na vitenge, na vigelegele, na masufuria ya wali kwenye mifuko. Wazungu walituogopa. Jolie akawa nahodha mwaka wa pili, na alimwamini yule mtu kuliko alivyotuamini sisi. Onesphore akisema ruka, anaruka. Akisema maji ya baridi yanaharibu misuli, nyumba nzima tunakunywa maji ya uvuguvugu.

Sasa njoo mwezi wa pili mwaka huu. Jumapili Onesphore akasimama wakati wa maombi, sauti inatetemeka. "Ndugu zangu, kuna mlango mbele yangu. Siwezi kuusema. Naomba mnishike mkono ufunguke."

Katika kanisa letu mtu akiomba hivyo hakuna anayemuuliza ni mlango gani. Ukiuliza unaonekana huna imani, au una kijicho. Kila mtu anaujaza mwenyewe kichwani. Mimi nilisema ni viza ya mama yake, maana bibi wa watu amekaa Bujumbura anaingoja huu mwaka wa nane. Ismaël alisema ni timu ya taifa. Mchungaji akatangaza mfungo wa siku tatu, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, bila chakula, maji tu, tufungue pamoja Jumamosi jioni.

Tukafunga. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, siku nzima nanyanyua watu, nawageuza, nawaogesha, na tumbo limeshikana na mgongo. Ijumaa mchana nashuka basi nikamwona Onesphore ndani ya gari lake, nje ya duka la kahawa, anakula donati. Sukari imejaa kidevuni. Unajua nilifanya nini? Nilimtetea! Nikasema moyoni masikini, labda ana kisukari, daktari kamkataza kufunga. Nikageuza uso asione aibu. Mimi na njaa yangu.

Jolie naye alifunga. Nilimwambia wewe una mechi Jumamosi, tena na Highmoor, kunywa hata uji, Mungu anaelewa. Akakataa. Kocha wake ndiye anaombewa, atakulaje? Onesphore alijua kwamba amefunga, maana Jolie mwenyewe alimwambia mazoezini, na akamjibu Mungu akubariki binti yangu.

Jumamosi nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Seti ya nne Jolie akaruka kupiga, akashuka vibaya. Alianguka peke yake, hakuna aliyemgusa. Nilisikia kelele yake mpaka leo naisikia. Hospitali wakasema kano ya ndani ya goti imekatika, apasuliwe, halafu karibu mwaka mzima wa mazoezi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu wa kucheza. Onesphore alikuja wodini, akalia. Machozi ya kweli, niliyaona. Akamshika mkono akamwambia, "Nitakungoja. Nafasi yako hakuna mtu anaigusa." Jolie akatulia palepale, kuliko alivyotulizwa na dawa.

Kesho yake Jumapili akapanda mimbarini na ushuhuda: mlango umefunguka! Kanisa lililipuka. Kwaya ikasimama, akina mama vigelegele, watoto wanaruka. Jolie alikuwa mbele na magongo yake, naye akaligonga gongo moja sakafuni kwa furaha. Mlango gani, hakusema. Mungu akiwa ametenda, wewe unauliza uone risiti?

Habari niliipata mwezi wa nne, na niliipatia kazini. Namtunza bibi mmoja Mwismaili, Zebunissa, mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Watoto wake walicheza voliboli ujanani, kwa hiyo mambo hayo anayafuatilia kwenye tableti yake kuliko habari za dunia. Namvisha kiatu, akanisogezea ile tableti usoni. "Binti, huyu si yule kocha wenu?"

Alikuwa yeye. Kavaa fulana ya zambarau ya Highmoor, kashika mpira, meno yote nje. Kocha mkuu mpya.

Nikamweleza bibi habari ya mfungo. Mungu wangu, yule mama alicheka mpaka nikaogopa nitapoteza kazi. "Ebo! Mmekaa na njaa siku tatu mnamwombea mtu awahame? Aende kwa watani? Mimi nina miaka themanini na sita, sijaona." Nilikuwa nimeshika kiatu chake mkononi. Kwani alisema uongo? Tuliomba kwa kufunga kabisa, tena kwa machozi, tunyang'anywe kocha, na tulipojibiwa tukashangilia.

Nikarudi nyumbani nimevimba. Nikamwambia Jolie, umemwona mshenzi wako? Alikuwa ameshaona. Hakutaka kusikia neno baya. Alikuwa na maelezo yake yote tayari: kocha hawezi kutangaza mambo kabla, ni sheria za kazi, lakini ana mpango naye, atamhamishia Highmoor, mwaka wake mmoja ataumalizia huko pamoja naye. Aliahidi. Atakuja tu.

Wiki tano. Kila jioni amekaa kwenye kochi na barafu gotini na simu mkononi. Mazoezi ya goti alifanya mpaka jasho linadondoka kwenye zulia, ili akija amkute anatembea sawasawa. Simu ikilia anairukia, ni kampuni ya intaneti. Mimi nilikuwa natamani aje nimfukuze, na natamani aje mwanangu apumue, yote mawili kwa wakati mmoja, ukinielewa.

Ndipo mzee Hyacinthe akapiga. "Mama Jolie, Jumapili tunakuja."

Jolie alisuka nywele upya. Mimi nikaandaa maneno. Wee! Niliyapanga ndani ya basi asubuhi na jioni, mpaka watu wakawa wanahama kiti. Nitamwambia Jolie si kiti kwamba utamhamisha ukihamisha nyumba. Nitamwambia kwanza piga magoti uombe radhi kanisa zima lililokonda kwa ajili yako. Nitamkatalia mara mbili, halafu mara ya tatu, kwa sababu ya mtoto, nitamwachia. Nilipika isombe, kisamvu chetu, na samaki hata hivyo, mgeni ni mgeni.

Wakaja. Hyacinthe mbele, Onesphore nyuma, katoni za Fanta. Kavaa koti zuri. Mdogo wake Jolie, Ornella, ana miaka kumi na saba, alikuwa amekaa pembeni karibu na baba yake, na Jolie alikuwa anaingia na sinia la glasi, anakanyaga polepole asionekane anachechemea. Mzee Hyacinthe akakohoa.

"Basi, ndugu zetu, tulipita njia hii zamani tukachukua ua refu. Tukalitunza vizuri, kila mtu ameona. Leo tumepita tena, tumeona lile dogo nalo limechanua."

Hakuna aliyecheka. Ismaël alimtazama Ornella, akamtazama Jolie, akaliangalia zulia.

Maneno yangu yote ya kwenye basi yaliyeyuka. Nikasikia mdomo wangu unasema, tena kwa sauti ya kuomba, "Na Jolie je?"

Naona aibu mpaka leo. Mimi! Niliyejiandaa kumtoa mtu nje na Fanta zake, nikajikuta namnyenyekea Onesphore wa Mtabila, aliyekuwa anafumba macho mpira ukimjia. Akajirekebisha koti. "Mama Jolie, huyu ni binti yangu, unajua. Lakini goti lile... Kule nafasi ni chache, na wana madaktari wao wanaangalia. Mwaka mmoja tu umebaki, nitawaambia nini? Ornella ana miaka minne mbele yake." Akasema Jolie amemtumikia vizuri sana. Amemtumikia! Kama vile anaagana na mtumishi wa ndani.

Jolie aliweka sinia mezani. Hakuna glasi iliyogongana.

"Kocha," akasema, "Highmoor walikupigia lini?"

"Kupiga vipi?"

"Kukuambia kazi umepata. Lini?"

Angeweza kudanganya. Sijui kwa nini hakudanganya, labda kwa sababu miaka mitatu walikuwa wanaulizana na kujibizana hivyo mazoezini, harakaharaka, bila kuficha. "Mwezi wa pili," akasema.

"Siku gani?"

Akamtazama mzee Hyacinthe. Mzee alikuwa anaitazama Fanta yake. "Alhamisi."

"Alhamisi ipi, kocha?"

"Ile ya mfungo. Asubuhi."

Nikahesabu kwa vidole palepale mbele za watu. Alhamisi asubuhi. Yaani sisi ndio kwanza tumeamka tumeacha chai. Mlango ulishafunguka asubuhi ya siku ya kwanza, na watu mia moja na ishirini wakaendelea kuusukuma siku tatu nzima, na mwanangu mmoja wao.

Ismaël ni mtu mpole, lakini sauti ilimtoka. "Kwa nini hukusema tule?"

"Ningesemaje, mzee?" Onesphore alikuwa anajibu kama mtu aliyeonewa. "Nikisema mfungue, mtauliza mlango gani. Na Jumamosi nilikuwa na mechi na haohao Highmoor. Timu ingesambaratika."

Basi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, alilitoa na macho makavu, na nadhani mpaka leo anaona ni jibu zuri.

Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa natafuta kitu cha kushika, sijui ningefanya nini nacho. Jolie akanigusa bega, nikakaa. Akamgeukia mdogo wake. Ornella alikuwa analia kimyakimya, kwa sababu tangu ana miaka kumi na nne anakaa safu ya tatu na mimi anamtazama yule mtu akipiga kelele pembeni mwa uwanja, na hakuna kitu alichokitaka duniani zaidi ya kupigiwa zile kelele yeye.

"Wewe unataka kwenda?" Jolie akamuuliza, kwa Kiswahili, sisi wote tusikie.

Ornella akatikisa kichwa kwamba ndiyo, uso kaufunika.

"Nenda. Hakuna anayefundisha kama yeye, usidanganywe na mtu." Hakuwa anamtazama Onesphore hata kidogo. "Ila siku akija kukuambia ana jambo lake kwa Mungu, wewe kula."

Akaenda jikoni, anachechemea sasa, hajali tena nani anaona. Akarudi na sahani, isombe imejaa na samaki mzima juu yake, akaipita meza ya wageni, akaiweka mapajani kwa Ornella. Kwetu mtoto wa nyumba hali mbele ya wageni ambao hawajanawishwa mikono, ni tusi kubwa, mzee Hyacinthe alishtuka kabisa. Mimi sikumkaribisha mtu. Ismaël hakumkaribisha mtu. Ornella alikula na machozi yake, tonge kwa tonge, Jolie amesimama juu yake, na wale wanaume wawili walikaa wakamtazama mpaka alipomaliza.